Mgongo Hauonekani kwa Macho: Afya ya Uti wa Mgongo Kabla ya Mafunzo ya JKT

Kila mwaka, wahitimu wa kidato cha sita wanapomaliza mitihani yao, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) hutoa wito kwa vijana waliochaguliwa kuhudhuria mafunzo kwa mujibu wa sheria. Familia husoma orodha ya majina na makambi, kisha huanza kutafuta mahitaji yaliyotajwa: bukta ya bluu iliyokolea, fulana ya kijani, raba za michezo, shuka, soksi ndefu nyeusi, pamoja na nguo za kuzuia baridi kwa wanaopangiwa mikoa yenye baridi. Katika pilikapilika hizo ni rahisi kusahau jambo moja lisilouzwa dukani, nalo ni hali ya mgongo wa kijana anayekwenda kambini.

JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai, 1963. Mafunzo kwa mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, kwa lengo la kuwajengea vijana uzalendo, umoja wa kitaifa, stadi za kazi na ukakamavu. Ukakamavu hujengwa kwa mwili: mchakamchaka wa alfajiri, kwata, kusimama kwa muda mrefu, kuinua na kubeba mizigo, pamoja na kazi za mikono zinazohitaji kuinama. Katika shughuli zote hizo, kiungo kinachobeba sehemu kubwa ya uzito ni mgongo.

Wito huo umekuwa ukielekeza vijana wenye ulemavu wa kuonekana kwa macho kuripoti katika kambi ya Ruvu, Mlandizi mkoani Pwani, yenye miundombinu ya kuwahudumia. Maelekezo hayo yanaonesha kuwa hali ya kimwili ya kijana huzingatiwa katika kupanga mafunzo yake. Hata hivyo, matatizo mengi ya mgongo hayaonekani kwa macho. Kijana anaweza kusimama wima, akatembea na kucheka na wenzake, huku ana jeraha katika pingili za kiuno. Taarifa ya namna hiyo huifikia kambi pale tu mwenyewe, mzazi wake au daktari wake anapoitoa.

Ukubwa wa tatizo la maumivu ya mgongo unajulikana. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba idadi hiyo itafikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Mara nyingi maumivu hayo hutokana na misuli na maungio, wala hayana chanzo cha hatari. Swali la msingi kwa familia ni namna ya kuyatofautisha maumivu ya kawaida na yale yanayohitaji daktari kabla ya safari ya kambini.

Wataalamu wa afya ya wanajeshi katika nchi mbalimbali wamebaini kuwa kuruta aliye katika hatari zaidi ya kuumia ni yule aliyewahi kuumia, aliyeingia mafunzoni akiwa hana mazoezi, au anayevuta sigara. Hatari huongezeka pale mzigo wa mazoezi unapopanda ghafla. Mhitimu aliyekaa kwenye dawati miezi mingi akijiandaa kwa mtihani, kisha akaanza kukimbia kila alfajiri ndani ya wiki chache, anapitia badiliko la aina hiyo hasa.

Kwa vijana, lipo jeraha linalostahili kutajwa kipekee: ufa katika sehemu nyembamba ya nyuma ya pingili ya kiuno. Ufa huu hutokana na kukunja mgongo kwa nyuma na kuuzungusha mara kwa mara. Dalili yake ni maumivu ya kiuno yanayozidi wakati wa mazoezi na kupungua mtu anapopumzika. Ukigunduliwa mapema, mara nyingi hutibiwa kwa kupunguza mazoezi kwa muda na kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo. Ukipuuzwa, pingili inaweza kuteleza mbele na kubana mishipa ya fahamu. Hapa methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta ina maana yake halisi.

Zipo pia dalili zisizopaswa kusubiri siku ya kuripoti. Maumivu yanayoshuka mguuni yakiambatana na ganzi au udhaifu, maumivu yanayomwamsha mtu usiku, homa, kupungua uzito bila sababu, au maumivu yaliyoanza baada ya ajali ya pikipiki au kuanguka, yote yanahitaji uchunguzi. Kifua kikuu kinaweza kushambulia pingili za mgongo hata pasipo kikohozi, na kwa mwenye selimundu maumivu ya mgongo yanaweza kuwa dalili ya ugonjwa huo. Mtu akipata ganzi katika sehemu za siri, au akashindwa kuzuia au kutoa haja, hiyo ni dharura ya kufikishwa hospitali saa hiyo hiyo.

Pamoja na hayo, baadhi ya vijana huficha maumivu kwa hofu ya kuonekana goigoi au kupoteza nafasi, na wengine humeza dawa za kutuliza maumivu kabla ya mazoezi. Dawa hizo hunyamazisha onyo la mwili bila kuponya jeraha, na mzigo unaofuata huangukia mahali palepale palipoumia.

Kusema ukweli mapema hakumaanishi kufungiwa mlango wa mafunzo. Mwenye maumivu ya kawaida hashauriwi kulala kitandani siku nyingi. Mwendo na mazoezi ya kiasi ni sehemu ya tiba. Kijana anayesubiri kuripoti anaweza kuanza kwa kutembea haraka, kisha kukimbia umbali mfupi na kuuongeza kidogo kidogo kila wiki, huku akijizoeza kuinua mzigo kwa kukunja magoti na kuuweka karibu na mwili. Aliyewahi kutibiwa mgongo anapaswa kwenda kituo cha afya kilicho karibu, apate maelezo ya daktari kwa maandishi, na kuyabeba pamoja na nyaraka zake.

Kambini nako, kijana ana wajibu wa kumweleza afande wake na mganga wa kambi mara maumivu yanapoanza, na mkufunzi ana wajibu wa kumpeleka akapimwe badala ya kuyachukulia kuwa uvivu. Mafunzo hudumu kwa miezi michache, ilhali mgongo unahitajika chuoni, kazini na shambani kwa miaka mingi baada ya hapo. Kwa mzazi anayefunga begi la mwanawe wiki hizi, kumuuliza kama mgongo unamuuma, na kuusikiliza jibu lake kwa utulivu, ni sehemu ya maandalizi kama ilivyo kununua raba na fulana.