Kabla ununue kiongeza kasi, pima kisu chako

Wacha niseme wazi. Wengi wenu mnaoniuliza kwa DM mchukue kiongeza kasi gani cha spindeli, hamkihitaji. Najua inauma, ju zile video za spindeli ndogo ikilia kama mbu huku ikichora alumini ni tamu sana. Lakini pesa mnayotaka kuweka hapo ni ya karakana nzima, na wengine mnaichukua kwa chama.

Hesabu kwanza. Chukua kasi ya kukata kwa mita kwa dakika, zidisha na 1000, kisha gawanya na 3.14 mara kipenyo cha kisu. Alumini na kisu cha kabaidi tuseme mita 200. Kisu cha mm 12 kinataka mizunguko kama 5,300 kwa dakika. Mashine ya zamani ya 6,000 inakimudu bila presha. Sasa weka kisu cha mm 3: 21,200. Cha mm 1 ndio maajabu, karibu 63,700. Hapo ndio mashine inaachwa nyuma kabisa.

Na si sifa tu. Kisu cha mm 1 chenye meno mawili, kila jino likila mm 0.01, kwa mizunguko 6,000 kinasonga mm 120 kwa dakika. Kwa 30,000 kinasonga 600. Kwa fundi wa kalibu za sabuni mwenye herufi ndogo ndogo za kuchonga kutwa, hiyo ni tofauti ya kulipa rent na kutolipa. Huyo anunue, tena jana. Wewe unayetoboa flenji na kusawazisha mabamba, hapana bana.

Kama umefika hapo, mimi napendelea cha gia kwa karakana nyingi za hapa. Gia za moja kwa tano maana yake mashine ikizunguka 4,000, kisu kinazunguka 20,000. Lakini hakuna cha bure: nguvu ya kuzungusha inabaki moja ya tano, na gia zenyewe zinakula kidogo, so usikiwekee kisu kinene. Kuna pini ya kuzuia mwili wake usizunguke, na lazima kitu kwa uso wa spindeli kiishike. Kagua kama hiyo pini itagongana na kibadilisha visu. Kagua uzito pia. Na BT40 na CAT40 zinafanana kwa macho lakini si kitu kimoja, usidanganywe na picha.

Halafu joto. Gia na beringi zikichemka, kisu kinashuka kidogo, na kina cha kazi kinabadilika ukiwa umeenda kunywa chai. Kiache kizunguke kwanza kabla ya kupima urefu. Muulize muuzaji: hiyo kasi ya juu ni ya kutwa nzima ama ni ya dakika chache?

Cha upepo kinafika kasi kubwa sana na hakichemki vile, lakini ukikisukuma kidogo kinakufa nguvu. Tena kinataka hewa safi, kavu, isiyokatika. Ile kompresa yako ya kujaza magurudumu italia usiku kucha. Cha umeme nakipenda kwa kazi ya masaa, ila waya wake unamaanisha kukibadilisha kwa mkono, na kina kidhibiti chake cha kununua pia.

Kitu kimoja ambacho watu hawaulizi ni kuyumba kwa kisu. Ikiwa jino linakula mm 0.01 na ncha inayumba mm 0.01, jino moja linafanya kazi yote na lingine linatembea tu. Kisu kinakatika, unalaumu programu. Muuzaji akikutajia mizunguko 40,000 na hajui ncha inayumba kiasi gani, kata simu.

Wa chuma nao, tulieni. Kwa mita 80, kisu cha mm 3 kinataka kama 8,500. Haas VF-2 ya kawaida inakuja na 8,100. Hiyo tofauti hata mteja hataisikia.

Ukinitumia DM, niandikie kipenyo cha kisu unachotumia zaidi, unachokata, na mizunguko ya juu ya mashine yako. Picha ya kifaa pekee sijibu.