Tusinunue Sauti kwa Wati

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme hapa Malava, kando ya barabara ya kwenda Webuye, na swali la kwanza la mnunuzi ni hili: "Hii ina wati ngapi?" Tumeamini kwamba namba kubwa kwenye boksi ndiyo ubora, na kwamba wufa inayotikisa mabati ya jirani ndiyo sauti nzuri. Imani hiyo ni potofu, na inawakamua wakulima waliosubiri pesa za miwa kwa miezi.

Tupige hesabu. Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240, na fyuzi kubwa ya plagi ya kawaida ni ampea 13. Zidisha, unapata wati 3,120. Boksi lililoandikwa PMPO wati 10,000 linadai zaidi ya mara tatu ya umeme ambao plagi yake imeruhusiwa kupitisha. Geuza mtambo wa sauti, usome kibandiko cha nyuma: umeme unaotumia mara nyingi ni kiasi kidogo sana cha namba ile ya mbele. Hakuna mtambo unaotoa mfululizo nguvu nyingi kuliko umeme unaoula. Muuzaji atajitetea kwamba PMPO ni nguvu ya kufumba na kufumbua. Basi ajue kwamba kipimo hicho hakina kanuni moja inayokubaliwa na wote. Kila kiwanda hujipimia kipendavyo. Namba ya kuuliza ni RMS, nguvu ambayo mtambo unaweza kuihimili bila kukoma.

Hata wati za kweli hazifanyi miujiza. Ukiziongeza mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli tatu tu. Ili sikio lione sauti imekuwa mara mbili, wati zinapaswa kuongezeka takriban mara kumi.

Ubora unaanzia chumbani. Sebule zetu nyingi zina paa la mabati lisilo na silingi, sakafu ya saruji na kuta tupu. Sauti hugonga na kurudi, maneno ya mwigizaji wa filamu yakavurugika, nasi tunapandisha sauti, na mwangwi unapanda nayo. Zulia, pazia zito na makochi ya kitambaa vitasafisha mazungumzo kuliko wufa mpya. Itoe wufa kwenye kona, kwa sababu kona hukuza besi hadi ikavuma ovyo. Spika za mbele ziwe kwenye kimo cha masikio ya aliyeketi, zote mbili kwa umbali sawa kutoka kwake.

Kipimo tunacho hapa hapa kwetu. Dansi ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa haraka, ina ngoma kubwa, ya kati na ndogo. Cheza rekodi yake. Ikiwa ngoma kubwa imeimeza ile ndogo, mtambo umeshindwa kazi, hata kama madirisha yanatetemeka. Wapenda besi wasichukie: besi nzuri huanza na kukoma kwa wakati wake.

Picha nayo ina uongo wake. Dukani runinga huwekwa rangi kali ili ishinde taa za humo. Nyumbani rangi hizo huchoma nyuso za watu. Iweke kwenye mpangilio wa sinema, na usiielekeze dirishani. Tena, filamu iliyobanwa hadi megabaiti 700 ndani ya flashi haiwezi kufanana na diski ya Blu-ray yenye nafasi ya gigabaiti 25. Skrini kubwa huzikuza kasoro zake tu.

Kwa hiyo, ndugu mnunuzi, nenda dukani na flashi yako yenye filamu unayoijua. Mwambie muuzaji apunguze sauti, kisha sikiliza mazungumzo. Usipoyaelewa, zirudishe pesa zako mfukoni uondoke.