Hadithi zangu zikae kwangu

Mwaka uliopita nilipoteza hadithi sita. Nilikuwa nimeziandika kwa simu, moja kwa moja ndani ya jukwaa moja la bure. Siku moja akaunti ikafungwa, na barua zangu hazikujibiwa. Kutoweka nakala ni kosa langu, nakubali. Lakini tangu siku ile nina maoni ambayo wenzangu wa kitivo wanayaona ya kikaidi: anayeandika kwa lugha zetu ajijengee mwenyewe mahali pa kuweka kazi zake.

Nimejenga programu ndogo, mistari kama 150 ya Python. Kila hadithi ni faili moja la maandishi matupu. Programu inalisoma, inaligeuza kuwa HTML, inalitia ndani ya kiolezo, kisha inapanga orodha ya hadithi zote kwa tarehe. Hakuna hifadhidata. Kurasa zinatoka zikiwa tayari, na seva inazigawa tu. Ukurasa hauzidi kilobaiti 15, na hapa Lubumbashi, ambako tunanunua mega kwa kuhesabu, hilo si jambo dogo. Umeme ukikatika naandika mpaka betri iishe. Faili ziko kwangu, na nakala iko kwa mama mdogo.

Ningeweza kuchukua Jekyll, iliyopo tangu 2008. Ila kujenga mwenyewe kulinilazimisha kujibu swali ambalo darasani tunalizungumzia kwa mbali. Mwanzoni mwa ukurasa wa HTML unatakiwa kutaja lugha. Orodha ya ISO 639-3 ina swc kwa Kiswahili cha Kongo, swh kwa kile cha mashariki, na swa inayokusanya vyote viwili. Mimi niandike ipi? Msimulizi wangu anaandika kama ninavyoandika hapa, lakini watu wake wanasema "njo vile" na "banasema". Nimeweka sw kwa ukurasa, na swc kwa kila neno linalotoka kinywani mwao. Ni kazi ya kuchosha, na siijutii. Mwaka 1965 André Yav alipotoa historia ya mji huu, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, aliiandika kwa Kiswahili cha hapa, si cha vitabu vya shule. Johannes Fabian aliitoa na tafsiri mwaka 1990, na thamani yake kwetu wanaisimu imo katika lugha hiyo hiyo ambayo mwalimu angeifuta kwa kalamu nyekundu.

Rafiki yangu wa idara ya Kifaransa aliiangalia tovuti, akaniuliza: "Programu iko. Na hadithi iko wapi?" Alinishika pabaya. Majuma matatu nilikuwa nimebadilisha rangi za vichwa na majina ya miezi, bila kuandika aya moja. Kurekebisha kiolezo kunafanana na kazi, tena hakuumizi kama sentensi inayokataa kukaa sawa. Sasa nina sheria: siigusi programu kabla faili jipya halijaingia.

Hadithi nne nimeziandika upya kwa kukumbuka. Ya tano imenitoka kabisa. Ya sita alinisimulia nyanya, ambaye hayupo tena, na ninaukumbuka mwanzo tu. Nimeuweka hivyo hivyo, mistari minane, chini ya jina lake.