Leopards, shaba na watoto wa Kolwezi

Tarehe 16 Novemba 2025, mjini Rabat, Chancel Mbemba alipiga penalti ya mwisho na Nigeria ikatoka. Mchezo ulikuwa umeisha 1-1, penalti zikawa 4-3. Baada ya hapo Leopards walipangiwa mwezi wa tatu 2026, Mexico, kucheza na mshindi kati ya New Caledonia na Jamaica. Ushindi pale ulikuwa tiketi ya Kongo kurudi Kombe la Dunia. Hadi hapo, mara ya mwisho ilikuwa 1974, nchi ikiitwa Zaïre na Katanga ikiitwa Shaba.

Yule 1974 wengi wanamkumbuka kwa vichekesho tu: 9-0 mbele ya Yugoslavia, na Mwepu Ilunga kutoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mpira wa adhabu uliokuwa wa Wabrazil. Dunia ilicheka kwamba Mwafrika hajui sheria. Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria aliijua vizuri. Wachezaji walikuwa wameahidiwa pesa, hawakuziona, na baada ya zile 9 walipewa vitisho kama wangefungwa vibaya tena. Kila anayecheka ile picha angejiuliza kwanza pesa ilienda wapi.

Na ile timu haikuwa ya bahati. Miezi michache mbele ilikuwa imechukua Kombe la Afrika kule Misri, Ndaye Mulamba akifunga mabao 9 katika shindano moja. Kombe la kwanza lilikuja 1968 Addis Ababa, Ghana ikafungwa 1-0 kwa bao la Pierre Kalala. Kalala alikuwa mchezaji wa Englebert ya Lubumbashi, hiyo hiyo inayoitwa leo TP Mazembe, iliyokuwa bingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968. Mwaka 1974 golikipa Kazadi na mabeki Mwepu, Mwanza na Bwanga wote walitoka Mazembe. Kwa maneno mengine, nyuma ya Zaïre ilikuwa nyuma ya Lubumbashi. Bwanga Tshimen ndiye mchezaji bora wa Afrika wa 1973.

Wachezaji wote 22 waliokwenda Ujerumani walicheza ndani ya nchi. Mobutu alitaka hivyo. Tangu 1966 aliwarudisha waliokuwa Ubelgiji, na mlango wa kutoka ukafungwa. Lakini amri peke yake hailishi mchezaji. Pesa ya serikali kwa sehemu kubwa ilikuwa shaba, na shaba ilitoka huku: Kolwezi, Likasi, Lubumbashi. Kazi ya Union Minière, halafu Gécamines, haikuwa mshahara na posho ya unga tu. Kambi ilikuwa na shule, hospitali, na kiwanja cha mpira. Lupopo nayo ilikua na watu wa reli, reli iliyobeba shaba.

Bei ya shaba ilianguka kuanzia 1974. Kisha vita vya 1977 na 1978, Kolwezi ikaumia. Kamoto ilibomoka 1990. Gécamines iliyotoa tani zaidi ya 450,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 80 ilishuka chini ya 50,000 miaka kumi hivi baadaye. Mshahara ulipokosekana, nani angekata majani ya kiwanja? Timu ya taifa haikupata tena kombe kubwa. Nafasi ya tatu, 1998 na 2015, basi.

Kulikuwa na kipindi shaba ilirudi kwenye mpira kwa mlango mwingine. Moïse Katumbi, aliyefanya biashara na migodi, aliijenga upya Mazembe: ubingwa wa Afrika 2009, 2010 na 2015, na fainali ya dunia ya vilabu dhidi ya Inter. Kongo ilishinda pia CHAN, shindano la wanaocheza nyumbani, 2009 na 2016. Nyota wa 2016 alikuwa Meschak Elia wa Mazembe, na ni Elia aliyesawazisha Rabat. Uzi haukukatika kabisa. Ila ulishikwa na klabu moja na mfuko wa mtu mmoja.

Leo kikosi cha Desabre karibu chote kinaishi Ulaya. Wan-Bissaka alizaliwa London. Si kosa, na hakuna wa kuwaambia si wetu: Februari 2024, kabla ya nusu fainali Abidjan, ni hao waliofunika midomo na kuweka vidole kichwani kama bunduki, ili dunia ione vita vya Mashariki. Kosa liko nyumbani. Nchi ilipita tani milioni 3 za shaba mwaka 2024, nyingi za Lualaba na Haut-Katanga, mara sita ya Gécamines katika siku zake nzuri. Na serikali imesaini na Barcelona mkataba wa zaidi ya ero milioni 40 kwa miaka 4, jina la Kongo lionekane kwenye jezi za mazoezi kule Hispania. Mtoto wa Kasulo au Musonoi anacheza pembeni ya mashimo.

Pesa ya viwanja ipo kisheria. Kodi ya madini chini ya Code minier ya 2018 inaipa jimbo asilimia 25, na jumuiya za msingi, yaani komini na sekta kama Dilala na Manika, asilimia 15. Tena kila kampuni inatoa asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji, na inasaini nao cahier des charges ya miaka 5. Humo wakaaji wanaandika wanachotaka: maji, shule, barabara. Hakuna kinachokataza kuandika kiwanja chenye nyasi, na mwalimu wa mpira anayelipwa.

Zile zilizosainiwa 2021 zinaisha 2026, mwaka huo huo wa Mexico. Mikutano ya kuandika nyingine itafanyika kata kwa kata, na mara nyingi wanaofika ni wazee na machifu. Vijana wanakuwa kiwanjani.