Kufuli tatu, PIN moja: somo la mwanzilishi wa Celtel kwa vikundi vyetu vya Bukavu

Tangu benki za Bukavu zifunge milango mwezi wa pili 2025, makuta ya watu wengi iko ndani ya telefone. Minerval ya watoto inapita humo, mshahara wa wengine pia, na kile kidogo ambacho ndugu wa Kinshasa ao wa ugenini anatuma ili nyumba ipate kula. Kutoka Nyawera mpaka Essence, mwenye kabini ndiye amekuwa benki yetu. Ukitaka kutosha feza mkononi, anakata yake, na siku zingine anakuambia hana.

Kwa kuwa tunategemea telefone namna hii, turudi nyuma kidogo tumwangalie mtu mmoja kati ya wale walioileta huku. Namna aliongoza kampuni yake inagusa kabisa shida ambayo vikundi vyetu viko nayo leo.

Anaitwa Mo Ibrahim. Ni Msudani, alizaliwa 1946, fundi wa mambo ya telefone. Alifanya kazi British Telecom kule Uingereza, akatoka 1989 ili aanzishe kampuni yake ya kutoa ushauri kwa wenye mitandao. Mwaka 1998 akaanzisha kampuni ambayo baadaye iliitwa Celtel. Congo hii Celtel iliingia mwaka 2000, wakati nchi ilikuwa imekatwa vipande: Kinshasa na serikali yake, sisi huku chini ya RCD, na kule Equateur MLC. Jina lilibadilika kuwa Zain mwaka 2008, halafu Airtel mwaka 2010, lakini kuna wazee wa huku ambao mpaka leo wanasema "namba yangu ya Celtel".

Mwenyewe amesimulia mara nyingi namna alianza. Uganda ilikuwa inatoa ruhusa ya kuweka mtandao, akaenda kwa mkubwa wa kampuni moja kubwa ya Ulaya kumshauri aichukue. Yule akamjibu kwamba hawezi kupeleka makuta ya kampuni kwenye nchi ya mwenda wazimu Idi Amin. Amin alikuwa ameangushwa tangu 1979! Ibrahim akaona: kama wakubwa hawa wanaogopa mtu ambaye hayuko tena, basi nafasi iko wazi. Sisi watu wa Kivu tunajua vizuri uchungu wa kupimwa kwa habari za zamani.

Lakini kuona nafasi si kitu cha ajabu, hata mwenye duka wa Kadutu anaona nafasi kila asubuhi. Kitu ambacho mimi naona ni kikubwa zaidi ni sheria moja aliyoiweka ndani ya kampuni: hakuna cheki ya kupita dola 30 000 ambayo ingetoka bila baraza zima la kampuni kukubali.

Ifikirie vizuri. Mkurugenzi wa nchi fulani yuko ofisini, waziri anamwita, anamwambia mambo yake hayatatembea bila "kitu". Kama mkurugenzi anasaini peke yake, ameshikwa. Akikataa, anakuwa adui wa waziri. Akikubali, mwezi ujao atakuja mwingine, na mwingine. Sasa na ile sheria anajibu kwa heshima: mheshimiwa, mkono wangu haufiki pale, nipe ombi kwa barua nilipeleke kwa baraza. Nani ataandika barua ya kuomba rushwa? Mutu wa rushwa hapendi karatasi.

Na sheria ilimfunga hata mwenyewe aliyeiweka. Huku kwetu mkubwa akisema hana ruhusa ya kusaini peke yake, watu wanamuona mdogo. Tunazoea rais wa shirika ambaye stempu iko mfukoni mwake, kese iko chini ya kitanda chake, na akisafiri, kila kitu kinasimama.

Mwaka 2005 Celtel iliuzwa kwa kampuni ya MTC ya Kuwait, dola bilioni 3,4. Wafanyakazi walikuwa na hisa, na Ibrahim anasema karibu mia moja kati yao walitoka pale mamilionea. Hilo nalo ni uongozi, ingawa tusimfanye mtakatifu. Kampuni ilienda mikononi mwa watu wa mbali, na faida ilienda nayo. Kuna vijiji vya Shabunda ambako mtu anapanda mlima ili apate réseau. Sheria ya cheki inazuia wizi, haipeleki mnara mahali ambako hakuna faida.

Turudi kwenye vikundi vyetu. Mama wa AVEC hawakumngoja Mo Ibrahim awafundishe. Sanduku lao lina kufuli tatu, na kila ufunguo uko kwa memba tofauti. Hata mwenyekiti hawezi kulifungua peke yake usiku. Ni sheria ileile ya Celtel, ila ni ya mbao na chuma.

Shida imekuja na telefone. Feza ya mkono imekuwa ngumu kupata, watu wanaogopa pia kulaza makuta nyumbani, basi vikundi vingi vimehamisha kese kwenye namba moja ya telefone. Namba moja, PIN moja, mutu mmoja. Zile kufuli tatu zimekufa bila mtu kupiga kura. Mimi mwenyewe nilikuwa memba wa kikundi kimoja ambacho mweka hazina alikuwa mutu mwema kabisa. Mtoto wake akagonjwa, akatosha makuta ya kikundi bila kuuliza, akisema moyoni atarudisha. Hakuweza. Tulipogundua, mwaka ulikuwa unaisha, siku ya kugawana imefika, na kwenye namba kulikuwa na franga ya kununua sabuni. Hatukumshitaki. Lakini kikundi kilikufa, na yeye mpaka leo akituona barabarani anapita ngambo ingine.

Nilipouliza kwenye vikundi vingine namna wanafanya, mama mmoja wa Kadutu alinieleza ya kwao. Telefone ya kese inakaa kwa mwenyekiti. PIN ina namba nne: mbili za kwanza anazijua katibu, mbili za mwisho anazijua mweka hazina, na kila mmoja anaziingiza huku mwenzake amegeuka. Ujumbe wa kila operesheni unasomwa kwa sauti kwenye mkutano wa siku ya posho. Mmoja akihama ao akifariki, wanaenda wote kwa wakala, na kitambulisho cha aliyeandikisha namba, kubadilisha PIN.

Nikamuuliza kama mwenyekiti hakukasirika walipoleta sheria hiyo. Akacheka. Mwenyekiti ni yeye.