Mzigo Uliotuliwa Igunga

Mpagazi wa zamani aliyechoka njiani kati ya Tabora na Bagamoyo aliweza kuutua mzigo, lakini mzigo haukuwa wake; haukuwa na budi kupata kichwa kingine kabla msafara haujaondoka. Nasi twakiona kiti cha ubunge hivyo hivyo. Tarehe 13 Julai 2011 Bwana Rostam Aziz, mbunge wa Igunga kwa zaidi ya miaka 15, aliwaambia wazee wa jimbo kwamba ajiuzulu, kwa kuwa amechoshwa na zile alizoziita siasa uchwara. Hatumlaumu kwa kutua. Neno letu ni juu ya namna mzigo ule ulivyotwikwa tena.

Uchaguzi mdogo ulifanywa tarehe 2 Oktoba 2011. Helikopta ziliruka juu ya nchi ambayo babu zetu waliipita kwa miguu. Dakta Dalaly Kafumu wa CCM, ambaye alikuwa Kamishna wa Madini, yaani mtumishi kama sisi, alipata kura 26,484. Bwana Joseph Kashindye wa CHADEMA alipata 23,260. Lakini, ndugu makarani, kazi yetu ni hesabu, basi tusiishie mstari wa juu. Walioandikishwa walikuwa 171,019, na waliopiga kura 53,672 tu. Watu 117,347 hawakuonekana vituoni. Yamkini baadhi yao walikuwa wamehama, au wamekufa na majina yao yakabaki daftarini, na hilo ni kosa la kalamu zetu. Hata hivyo wote hawakufa.

Katika kampeni zile Waziri wa Ujenzi wa wakati ule, Bwana John Magufuli, aliahidi daraja la Mbutu. Mwezi wa Agosti 2012 Mahakama Kuu, Kanda ya Tabora, ilitengua uchaguzi, na ahadi ile ilikuwa mojawapo ya sababu. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ikamrudishia Dakta Kafumu kiti chake. Sheria imekwisha kusema, wala sisi si mahakimu. Daraja lenyewe lilijengwa, na mwenye kuvuka masika hulishukuru. Nani atalichukia daraja?

Walakini sisi tukaao mezani twajua daraja hutoka wapi. Hutoka katika kodi ya aliyempigia huyu, na ya aliyempigia yule, na ya yule aliyelala nyumbani. Likitangazwa jukwaani juma la kura, hugeuka zawadi ya chama, na karani aliyeliandikia barua huonekana mtumishi wa chama hicho. Kesho akienda kijijini kuandika majina ya wenye njaa, nani atamwamini kwamba hakuacha jina la mtu kwa ajili ya bendera yake? Imani hiyo ikipotea, hairudishwi na rufani.

Kwa hiyo twaona yafaa hivi: tangu siku kiti kitangazwapo kuwa wazi hata matokeo yatangazwe, mtumishi asitoe kwa mwanasiasa ye yote orodha ya chakula wala hesabu ya ujenzi ili zisomwe jukwaani. Akiamriwa na mkubwa wake, aombe amri hiyo kwa maandishi, naye aitie jaladani kwa tarehe yake. Wengi watasema hilo ni jambo la hatari kwa mwenye watoto. Ni kweli. Ndiyo sababu hatulitaki lifanywe na mtu mmoja peke yake, na twawaomba wanachama wa Igunga na Nzega waliosimamia vituo mwaka ule watuandikie walivyoamriwa, na walivyojibu.