Kambove ihesabiwe miongoni mwa vivutio vya Kongo

Orodha za vivutio vya utalii vya Kongo karibu zote zinafanana. Zinaanza na sokwe wa milimani wa Virunga, zinapita Kahuzi-Biega na Garamba, zinafika Kinshasa kwa bonobo wa Lola, na zikigeukia kusini-mashariki hutaja maporomoko ya Lofoi katika Hifadhi ya Kundelungu, yanayoanguka zaidi ya mita 300, kisha zinafunga. Wilaya ya Kambove, inayouzunguka mji wa Likasi, haimo. Jina lake hukutwa penginepo: kwenye hesabu za tani za shaba na kobalti, kwenye leseni za uchimbaji, kwenye mikataba ya ubia na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Tumezoea kuamini kwamba majimbo mengine yapo ya kutazamwa na Katanga ipo ya kuchimbwa, na mazoea hayo yamedumu bila kuulizwa yanatugharimu nini. Mimi nashikilia kwamba Kambove ina historia na mazingira ambayo hayapatikani mahali pengine popote, kwamba vitu hivyo vinaweza kulisha watu, na kwamba wakati wa kuvilinda na kuviandaa ni sasa, migodi ikiwa bado inaingiza fedha.

Tuanze na shaba yenyewe, maana hapo ndipo historia inaposimuliwa vibaya zaidi. Kwa kawaida husemwa kwamba uchimbaji wa Kambove ulianza na Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, na reli iliyofika Kambove mwaka 1913. Lakini George Grey, aliyetafuta madini kusini mwa Katanga kwa niaba ya Tanganyika Concessions tangu 1899, hakuyagundua kwenye pori tupu. Alikuta mashimo ya zamani, mengine makubwa, yaliyochimbwa na Waafrika vizazi na vizazi. Wachimbaji hao, Wasanga na baadaye Wayeke, waliitwa walaji wa shaba. Walifanya kazi wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha ingia ghalani: wakachimba malakite, wakaiyeyusha kwa makaa katika tanuri za udongo wa kichuguu, chini ya usimamizi wa mafundi wenye miiko yao. Misalaba ya shaba waliyoisubu ilikuwa fedha, na wanaakiolojia wameikuta katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale. Katika karne ya 19 Msiri, aliyetoka magharibi ya Tanzania ya leo, alijenga dola yake Bunkeya juu ya biashara ya shaba na pembe za ndovu, na misafara yake ilifungamana na njia za kwenda pwani ya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo Mswahili wa Tabora au Bagamoyo anayedhani Likasi haimhusu, historia inamkatalia. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika mwaka 1926 kuhusu mafundi hawa, baada ya wazee walioijua kazi hiyo kuirudia mbele ya macho yake. Maarifa hayo yalikuwa hai wakati mitambo ya kampuni ikinguruma karibu. Na leo hakuna mahali palipoandaliwa huko Kambove ambapo mtoto wa shule anaweza kupelekwa akaonyeshwa tanuri, msalaba na mavi ya shaba, akaambiwa: haya walifanya babu zako kabla ya reli.

Ndani ya wilaya hiyohiyo, kilomita chache kutoka Likasi, iko Shinkolobwe. Urani yake iligunduliwa mwaka 1915, na kuanzia 1922 ikapelekwa Ubelgiji kutolewa radiamu kwa ajili ya hospitali. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe hadi Staten Island, New York, na miaka miwili baadaye jeshi la Marekani likayanunua. Mawe hayo yalikuwa na urani nyingi kuliko ya migodi mingine yote iliyojulikana wakati ule, na ndiyo yaliyotoa sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Sasa tazama walichofanya wengine na sehemu yao ya historia hii. Marekani ilianzisha mwaka 2015 hifadhi ya taifa ya historia ya mradi huo, yenye maeneo matatu: Los Alamos, Oak Ridge na Hanford. Katika Jamhuri ya Cheki, mji wa Jáchymov, uliokuwa chanzo cha radiamu kabla ya Shinkolobwe, umo tangu 2019 katika eneo la uchimbaji lililoorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia. Ubelgiji nayo, nchi ya kampuni iliyochimba Kambove, ilipata mwaka 2012 kuorodheshwa kwa migodi minne ya makaa ya mawe ya Wallonia. Kongo ina maeneo matano katika orodha hiyo, Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na Hifadhi ya Okapi, na yote matano yameingia kwa sababu ya wanyama na misitu. Hakuna hata moja linaloshuhudia kazi ya mikono ya Wakongo. Nchi ambayo jasho la watu wake liliingia katika tukio kubwa kuliko yote ya karne ya 20 haijaweka hata nyumba moja ya kumbukumbu pale jasho hilo lilipotoka.

Mazingira ya Kambove nayo yana hadithi yake. Mto Lufira ulizuiwa kwa bwawa pale Mwadingusha, kituo cha umeme kikaanza kazi mwaka 1930, na nyuma ya bwawa likatanda Ziwa Tshangalele. Ziwa hilo lililotengenezwa kwa ajili ya viwanda limekuwa uhai wa wavuvi wa Kapolowe, na samaki wake huliwa Likasi na Lubumbashi. Kwenye matete yake anaishi mnana wa manjano ambaye wataalamu wanamwita Ploceus ruweti. Alikusanywa mwaka 1960, akatambuliwa rasmi kuwa spishi yake mwenyewe mwaka 1982, kisha kwa muda mrefu hakuna mtafiti aliyeripoti kumwona tena hadi mwaka 2009. Hajulikani kuishi kwingineko. Watu husafiri mabara kwa mabara kumtazama ndege wa namna hiyo kwa darubini, na hulipa vizuri. Juu ya vilima vya shaba, ambako miti haioti kwa sababu udongo una metali nyingi mno, huota maua ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wamekuwa wakiyachunguza kwa miaka mingi. Spishi zaidi ya 30 kati yake hazioti nje ya vilima hivyo vya Katanga. Kilima kimoja kikisawazishwa na tingatinga, huenda mmea mzima ukatoweka duniani. UNESCO iliona thamani ya bonde hili zamani: Lufira imo katika orodha ya hifadhi za baiolojia na binadamu tangu 1982. Wakazi wangapi wa Likasi wamewahi kuambiwa?

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito kuliko yote, ni kwamba watu wa Kambove wanahitaji maji, umeme na ajira, na anayewaletea makumbusho anawadhihaki. Ningekubali, kama fedha ya kazi hii ingetolewa kwenye bajeti ya zahanati. Lakini sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 imeweka fungu lake. Mrabaha unaolipwa na kampuni hugawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo kila kampuni hudaiwa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Fungu la asilimia 10 liliwekwa kwa sababu mtunga sheria alijua madini huisha, na mtu akiuliza kizazi kijacho cha Kambove kitaishi kwa nini, ni haki ajibiwe kwa kitu kinachoonekana. Kuhusu ajira, historia ya Gécamines inatosha kuwa ushahidi. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Baada ya kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka 1990 na misukosuko ya kisiasa iliyofuata, haikufikia hata moja ya kumi ya kiasi hicho. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Kambove na Likasi zilikuwa zimezoea kampuni iliyotoa mshahara, unga, shule na hospitali kwa pamoja. Iliposimama, vyote vilisimama siku moja. Tangu hapo migodi imefufuka, na Kongo sasa imeipita Peru na kushika nafasi ya pili ya uzalishaji wa shaba duniani baada ya Chile. Hata hivyo migodi ya leo huendeshwa kwa mitambo mikubwa na watu wachache kuliko ya zamani. Sisemi utalii utalipa kama shaba. Hautalipa, wala hautakaribia. Ninachosema ni kwamba mji wenye tegemeo moja umekwisha kuonja matokeo yake, na kwamba fedha ya mgeni huingia moja kwa moja kwa mwenye mtumbwi, mwenye nyumba ya kulala wageni, mchonga malakite na mama anayekaanga samaki, bila kupitia makao makuu ya kampuni.

Wengine watasema: mgeni atakuja kutazama sumu? Hapa hatari ni ya kweli na haifai kufichwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kile cha Leuven, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta viwango vya juu sana vya kobalti katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kusini mwa Katanga. Taka za viwanda vya Likasi hushuka na mito hadi Tshangalele. Na Shinkolobwe ilifungwa kwa amri ya rais mwaka 2004. Mwaka huohuo sehemu yake iliporomoka na kuua wachimbaji waliokuwa wakiingia kwa siri. Shinkolobwe ibaki imefungwa, tena ilindwe kwa dhati kuliko sasa. Simulizi lake lielezwe Likasi, mbali na mnururisho, ambako tayari kuna Makumbusho ya Madini ya Sendwe yanayoweza kupanuliwa. Kuhusu ziwa, pingamizi hili kwangu ni sababu ya kufanya kazi hii. Maadamu Tshangalele linahesabiwa kuwa bwawa la kuzalisha umeme tu, maji machafu hayamdhuru mwenye mtambo. Siku litakapohesabiwa pia kuwa mahali pa kulaza wageni, pa kuvua na pa kutazama ndege, uchafu utakuwa hasara yenye mwenyewe, na mwenyewe huyo atakuwa na hesabu ya kupeleka kwa gavana. Mvuvi wa Kapolowe amekuwa na hasara hiyo miaka yote, lakini amekosa wenzake wa kupiga kelele pamoja naye.

Je, nani atakuja? Barabara ni mbovu sehemu nyingi, viza ni ghali, na habari za vita vya Kivu humtisha mgeni asiyejua kwamba Goma iko mbali na Likasi kuliko miji mingi ya Zambia. Jibu ni kwamba mgeni wa kwanza asitafutwe Brussels. Lubumbashi, jiji la mamilioni ya watu, liko umbali wa kilomita 120 hivi kutoka Likasi, na ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa kuna miji ya shaba ya Zambia yenye watu wa historia moja na yetu. Wanafunzi wa jiolojia na historia, makundi ya kanisa, familia zinazotafuta pa kwenda Jumapili: hao watatosha kuanza, nao hawahitaji hoteli ya nyota tano. Wa mbali watafuata. Ireland, kwa mfano, haijasahau Septemba 1961, pale askari wake wapatao 150 wa Umoja wa Mataifa, wakiongozwa na Pat Quinlan, walipozingirwa siku kadhaa katika mji wa Likasi, ambao wakati huo uliitwa Jadotville. Filamu kuhusu mapigano hayo ilitoka mwaka 2016, na ilipigwa Afrika Kusini. Kazi, vyakula na malazi ya waigizaji viliwanufaisha watu wa nchi nyingine kwa kisa kilichotokea Likasi.

Yuko pia anayeona kwamba kuhifadhi majengo ya Union Minière ni kuutukuza ukoloni. Hofu hiyo naiheshimu, lakini kubomoa hakujawahi kumlipa aliyedhulumiwa. Miongoni mwa migodi ya Wallonia iliyoorodheshwa mwaka 2012 umo Bois du Cazier, ambako wachimbaji 262, wengi wao Waitalia masikini, walikufa kwa moto tarehe 8 Agosti 1956. Pamehifadhiwa kwa ajili ya wafu hao, si kwa ajili ya kampuni. Wachimbaji wa Kambove walioletwa kutoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, waliowekwa katika kambi na kupewa namba, wanastahili heshima ileile, na majina yao yamo kwenye makaratasi ya kampuni ambayo bado yanaweza kusomwa.

Hatua za mwanzo hazihitaji mabilioni. Jimbo linaweza kuagiza kwamba kampuni yoyote, kabla ya kubomoa mnara wa mgodi, kituo cha reli au shimo la kale, iyaorodheshe na kuyapiga picha pamoja na wataalamu wa Lubumbashi, kama sehemu ya mpango wa ukarabati wa ardhi ambao sheria tayari inaudai. Vilima viwili au vitatu vya maua ya shaba viondolewe kwenye leseni za uchimbaji. Majukumu ambayo kampuni hutia saini na jamii za Kambove yataje ziwa kwa jina, yakiweka vipimo vya maji vinavyotangazwa hadharani kila mwaka. Na mamlaka ya Kambove, inapopokea asilimia 15 yake, ibandike ukutani hesabu ya fedha hiyo, mstari mmoja ukionyesha kiasi kilichotengwa kwa urithi wa wilaya, hata kama kwa kuanzia kitatosha tu kujenga tanuri moja ya udongo wa kichuguu na kumlipa mtu wa kuieleza.